Salimia Kibati Kabla ya Kufungua Rangi

Mke wangu analalamika kwamba tangu niache kazi ninakula nikiwa nimesimama, sahani mkononi, jicho mlangoni. Ni kweli. Nyumba yetu iko Shituru, na helikopta zinazotua kwenye uwanja wetu mdogo hupita juu ya paa letu. Mashine ikilia tu, mimi niko uani, shingo juu, natafuta mkia. Miaka ishirini na miwili nimeandika namba kwenye mikia hiyo. Sasa macho yameingia ukungu, daktari amenikataza brashi na harufu ya rangi, nami nina miaka hamsini na minne tu, mikono mizima, miguu mizima, na sina pa kuipeleka. Kwa hiyo naandika. Nawaandikia Odette na wenzake walioachiwa kabati langu la rangi, kabla sijasahau, na kabla wao hawajaanza kujifanya wanajua.

Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua.

Shule niliishia mwaka wa nne wa primaire, shule ya msingi. Baba alikuwa mchomeleaji kiwandani, akataka nami niingie kiwandani. Mimi nikaingia kwenye kuta. Herufi nilijifunza kwa kunakili maandishi ya malori na ya masanduku ya sabuni. Sikufundishwa na mtu. Nilipofika miaka ishirini, hakuna duka la dawa, baa wala kanisa la uamsho hapa Likasi lililotaka ubao bila kuniuliza mimi kwanza. Mpaka leo ukiona ubao wa zamani, picha imeliwa na jua lakini herufi bado zimesimama wima kama askari, vua kofia: huo ni mkono wa Ngoie.

Ubao mmoja wa namna hiyo, wa duka la dawa, ndio uliosomwa na ofisa mmoja wa jeshi aliyekuja kununua vidonge vya malaria. Aliuliza nani ameuandika. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya hangari, nimevaa shati langu la kanisani, nikijiona nimeitwa kuwasaidia watu wasiojua kazi.

Waliniacha mikononi mwa Papa Kaputo. Alikuwa adjudant, cheo cha chini ya ofisa, mtu mfupi, mweusi sana, mwenye masikio makubwa, aliyepaka rangi ndege tangu ujana wake. Hakunipa brashi. Alinipeleka nyuma ya helikopta, akaelekeza kidole kwenye maandishi ya mkiani, 9T-HK2, akaniambia nisome. Nikasoma: tisa, T, kistari, H, K, mbili.

"Ile ni kuhesabu bintu," akasema. "Haiko kusoma. Inasema nini?"

Sikujua inasema nini. Nikasema ni namba, kama ya gari. Akacheka mpaka mafundi wakageuka.

Basi sikilizeni kama nilivyosikiliza siku ile. Tisa na T ni nchi na kazi: ndege ya Kongo, tena ya jeshi. Ndege za raia zilikuwa na Q mahali pa T. Ukichanganya hizo mbili umemvalisha mwalimu sare ya askari. Baada ya kistari, herufi ya kwanza hutaja ukoo. H ni helikopta. T ni ndege ya kubeba mizigo na watu. Herufi ya pili, kwetu hangarini, hutaja aina, mashine ya kiwanda fulani. Tarakimu ya mwisho ni zamu ya kuzaliwa: wa kwanza kufika, wa pili, wa tatu. Namba haitungwi na mchoraji wala na rubani. Inatoka juu kwa karatasi yenye mhuri, na mashine ikifa na watu ndani, sisi tarakimu yake hatukuiandika tena. Tuliiruka. Hakuna aliyetuamuru, hakuna aliyetaka kuishika brashi hiyo.

Papa Kaputo alikuwa na kitabu kimoja cha picha, kimechanika jalada, cha ndege za mataifa mengine. Alinionyesha kwamba kila nchi ina lugha yake ya mkiani. Wamarekani huweka herufi mbili kubwa, zinazotaja kambi ambapo ndege inalala, na tarakimu ndogo za kwanza zinataja mwaka ilipoagizwa. Wengine hawaandiki kitu ila namba ya kikosi. Alisema mwenye kujua kusoma mkia anajua mtu anatoka wapi kabla hajafungua mdomo. Nikakaa na kitabu hicho mwezi mzima. Mtu wa primaire ya nne! Kabla ya mvua kuanza, nilikuwa nawaeleza mafundi wenye diploma.

Halafu kuna jambo la kibati, ambalo ndilo linanifanya niandike haya yote.

Kila mashine ina kibati chake cha kiwandani, kipana kama kiganja, kimepigwa ribiti kwenye mwili, karibu na mlango wa rubani, chini kidogo. Pale pamechongwa namba ambayo mashine ilizaliwa nayo. Namba hiyo haibadiliki. Hata nchi ikiuza mashine, hata rangi ikibadilika mara kumi. Kwetu kibati kilipakwa grisi nzito kisishike kutu, na grisi hiyo, kwa vumbi letu, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya makaa. Papa Kaputo hakufungua kopo la rangi kabla ya kwenda pale, kufuta grisi kwa kidole cha shahada, kusoma namba kwa sauti, kuilinganisha na karatasi, na kuirudishia grisi. Hilo aliliita kusalimia.

"Mukia ni shati tu," aliniambia. "Muntu iko mu kibati. Utaandika jina ya muntu, haujamusalimia?"

Nikafanya hivyo miaka mingi. Kidole changu nilikuwa nakifutia kwenye suruali, paja la kushoto, na mke wangu kila Jumamosi alinigombeza kwa alama hiyo nyeusi isiyosikia sabuni.

Ngoja. Kuna mashine inapita.

Haikuwa yetu. Ilikuwa ndege ndogo ya raia, imepita mbali, upande wa Kapolowe. Narudi.

Kazi ngumu nilizopewa ni nyingi, nitataja moja tu kabla ya ile mbaya. Ilikuja ndege ya mizigo iliyokuwa ya nchi nyingine. Tuliipaka kijani, nikaandika 9T yake, nzuri. Baada ya mwezi wa jua, maandishi ya mwenye ndege wa zamani yakaanza kujitokeza chini ya yangu, kama mtu anayechungulia pazia. Wengine walisema ni uchawi. Mimi nilichukua msasa nikashuka hadi kwenye bati lenyewe, siku tatu, mabega yanawaka, nikamkuta pale mwandishi wa nchi ile, mtu mwenye mkono mzuri, siwezi kusema uongo. Nilimfuta kwa heshima. Msipake rangi juu ya rangi msiyoijua. Itarudi.

Papa Kaputo alipostaafu akaenda kulima Kapolowe, kabati likawa langu. Siku ile ile nikachukua rangi nyekundu nikaandika juu ya mlango wake, herufi za urefu wa shubiri: MKONO HUU HAUKOSEI. Watu walicheka, lakini ilikuwa kweli. Tangu niingie hangarini, miaka kumi na tisa, sikurudia herufi hata moja. Marubani wa mbali walikuwa wanauliza nani ameandika saba hii. Saba yangu ilikuwa na shingo ya korongo, ukiiona, utaijua.

Aliyekuwa hacheki ni adjudant Mujinga. Huyu mama alikuwa mtunza vitabu. Kila mashine ina kitabu chake, na ndani yake kila kifaa kina saa zake: kimeruka saa ngapi, zimebaki ngapi kabla ya kutolewa. Fundi haanzi kazi mpaka Mujinga ampe kitabu, na Mujinga huchagua kitabu kwa kutazama mkia kupitia dirisha la ofisi yake. Siku moja nilimtania kwamba yeye na mimi tunafanya kazi moja, kuandika, ila mimi ninaonekana kutoka mawinguni. Akanijibu bila kuinua kichwa:

"Minye ninakamataka kitabu juu ya mukono yako, fundi. Siku mukia itadanganya, itanidanganya minye kwanza."

Nilicheka. Nilikuwa nacheka sana miaka ile.

Sasa ile mbaya. Tulikuwa na helikopta mbili za aina moja zilizoharibika. HK4 iligonga mti kwa nyuma ikitua, mkia ukavunjika, mwili ukabaki mzima. HK7 ilishika moto mbele ikiwa chini, watu wakatoka wote, mwili ukaungua, mkia ukabaki mzima. Mafundi wakafanya wanachofanya watu wetu: wakakata huku, wakafungua kule, mkia wa HK7 ukaungwa kwenye mwili wa HK4. Kazi safi. Wiki hiyo Mujinga hakuwepo, alikuwa kwenye kilio cha dada yake Kolwezi.

Ijumaa nikapewa karatasi: andika upya namba, mashine inaruka kesho. Karatasi haikutaja namba gani, na sitaisingizia karatasi, kwa sababu kibati kilikuwa pale pale. Mashine ilikuwa ndani ya hangari, mlango wa rubani umezibwa na ngazi za mafundi, na mimi nikaingilia nyuma. Nikaona nini? Nikaona saba yangu. Nzima, shingo ya korongo, imefifia kidogo tu. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na mtoto wake sokoni, nikasahau kabisa kwamba mkia ule umeungwa. Ngazi sikuziondoa. Kidole sikukichafua. Nikapiga kamba ya chaki, nikabandika utepe wa skochi, nikaipaka upya 9T-HK7 pande zote mbili. Puani, ambapo sisi hurudia tarakimu ya mwisho, palikuwa na nne ya zamani iliyobabuka. Hilo nalo halikuniamsha. Nikajiambia mafundi wamechanganya milango ya pua, vile vifuniko vya mbele, wana kawaida hiyo, nikaifuta nne nikaweka saba. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nanyoa ndevu. Mke wangu alikuwa anafua. Akainua suruali yangu ya kazi juani, akaigeuza upande huu na huu, akasema kwa furaha kabisa:

"Leo umekuwa muntu. Haina alama."

Nikamuuliza alama gani. Akasema ile nyeusi, ya paja, ya miaka yote. Nikaitazama suruali. Ilikuwa safi. Nilisimama na sabuni usoni, nikaelewa: nne ya puani haikuwa ya mlango. Ilikuwa ya mwili.

Nadhani mtu aliyesoma angekaa afikiri. Mimi nilipanda moto, pikipiki ya kwanza niliyoiona, nusu ya uso haijanyolewa, na barabara ilikuwa imejaa malori ya madini yamesimama, madereva wanakula mihogo. Nilimwambia kijana wa moto apite mtaroni. Kichwani nilikuwa nahesabu. Kama mashine inaitwa HK7, Mujinga, aliyerudi jana jioni, atachukua kitabu cha HK7. Kitabu cha HK7 kinasema boîte ya juu, lile sanduku la gia linalozungusha mapanga, ni karibu mpya. Lakini ile mpya iliungua. Iliyo juu ya mashine ni ya HK4, na ya HK4 ni mzee. Mzee kiasi gani, sikujua. Na sanduku hilo likikwama angani, mashine haina mabawa ya kuitelezesha chini.

Nilipofika, helikopta ilikuwa imetolewa nje. Mafundi walikuwa kikundi kingine, wa zamu ya Jumamosi, hawakushiriki kuunga mkia. Walikuwa wanapakia masanduku ya chanjo yenye barafu, ya vijiji vya kaskazini, na maji ya barafu yalikuwa tayari yanadondoka. Kapteni Banza, rubani, alikuwa anavaa glavu. Huyu alikuwa rafiki yangu. Kila safari alikuwa anagonga namba yangu kwa kiganja kabla ya kupanda, eti baraka.

Nawaambieni jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Sikusema kweli mara moja. Nilitazama ile saba, nikatazama watu, wote wananijua, na kule ndani juu ya kabati kuna maneno mekundu. Nikamwambia Kapteni kwamba rangi haijakauka, anipe saa mbili nirekebishe kidogo. Nilifikiri nitaweka nne kimya kimya, nimwite Mujinga pembeni, yaishe.

Banza akacheka. "Rangi mubichi haikatazake kuruka, fundi. Upepo ya huko juu itaikausha." Akageuka kupanda. Kiganja chake kilikuwa kimeinuka kugonga mkia.

Nikamshika mkono. Raia kumshika ofisa mkono mbele ya askari, mnajua maana yake.

"Mon capitaine, ile hapana saba," nikasema. "Ile njo ine. Minye nilikosa."

Akanitazama uso wangu wenye povu kavu.

"Weye? Mukono haikosei?"

"Minye. Sikusalimia kibati."

Hakuelewa kibati, lakini Mujinga alielewa. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi na kitabu cha HK7 kifuani. Alikuja mpaka kwenye mlango wa rubani, akapiga magoti kwenye saruji na sare yake, akafuta grisi kwa kidole chake mwenyewe, akasoma. Kisha akaenda ndani, akarudi na kitabu kingine. Alifungua ukurasa, akafuata mstari kwa kidole hicho cheusi, akakiacha kimesimama pale.

"Boîte imebakia na saa tatu," akasema. "Kapteni, kwenda na kurudi ni saa ngapi?"

Banza alivua glavu moja, halafu ya pili. Alisema tano. Alikaa juu ya sanduku la chanjo mpaka gari la hospitali likaja kuzirudisha.

Mkuu wa hangari alipofika aliuliza nani. Nikasema mimi. Nilingoja kufukuzwa, hata nikafikiria mbao za maduka ya dawa. Akaniamuru nichukue msasa niikwangue saba hapo hapo, juani, watu wote wakitazama, na niandike nne. Niliikwangua. Shingo ya korongo ilitoka vumbi la kijivu, likanijaa kwenye ndevu za upande mmoja. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa zito. Baadaye Mujinga akaandika kosa kwenye kitabu cha HK4, jina langu lote, la baba na la ubatizo. Ndiyo mara ya kwanza jina langu kuingia kwenye kitabu cha ndege. Tangu siku ile akaweka sheria, mnayoiona mpaka leo: mchoraji huandika namba ya kibati kitabuni kwa mkono wake kabla hajapewa ufunguo wa kabati.

Jumatatu nilileta rangi nyeupe kufuta maneno yangu mekundu. Mujinga akanizuia. Alisema niyaache, hangari lile halina vichekesho vingi.

Nilikwenda Kapolowe kumweleza Papa Kaputo. Nilimkuta kwenye karanga zake, jembe mkononi. Nilimweleza yote, mkia, saba, suruali, saa tatu. Hakusimamisha jembe. Mwisho wa mstari akaniuliza kama sasa nimekisalimia kibati. Nikasema ndiyo. Akasema bon, vizuri, nimpitishie ile ndoo.

Sanduku jipya lilifungwa, na HK4 ikaendelea kuruka hadi nilipoacha kazi. Banza alirudia kugonga mkia wangu. Lakini alianza kupita kwanza mlangoni pa rubani, kuinama, na kutazama chini.

Sasa Odette, mama wa watoto watatu, mkono mzuri kuliko wangu wa umri wake, ingawa sitasema hivyo mbele yake, ndiye mwenye ufunguo. Wiki iliyopita ilipita juu ya paa letu mashine yenye namba inayong'aa, rangi ya juzi. Nikakodoa macho. Ukungu mtupu. Niliona weupe, sikuona kama ni nne au saba au tisa. Nikaiacha sahani ya ugali ukutani, nikapanda moto.

Mlinzi wa geti, mgeni, akaniambia wastaafu hawaingii. Nilimweleza mimi ni nani. Akasema ndiyo, ameambiwa habari zangu, na bado siingii. Nikazunguka hadi kwenye senyenge nyuma ya hangari, nikamwita Odette. Alikuja na ovaroli, amechoka, akasema papa Ngoie, hii ni mara ya tatu mwezi huu. Sikumsalimu. Nilimuuliza ile mashine ya juu, ameisalimia.

Alipitisha mkono kwenye tundu la senyenge na kuniwekea kidole mbele ya macho, karibu kabisa, kwa sababu anajua siku hizi sioni mbali. Kilikuwa cheusi mpaka kwenye kucha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ugali ulikuwa umepoa. Nikavuta kiti, nikala nimekaa.